Azimio la Vijiti vya Kuchomelea

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao kilichofuta madaraja ya vijiti vya kuchomelea. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanisikia nikiwacheka wenzangu akadhani nilikuwa nje nachungulia dirishani. Nilikuwa ndani, kiti cha tatu kutoka kwa meneja, kalamu mkononi, na kilipofika kipengele cha kugawana makopo, mkono wangu ulinyooka juu pamoja na mikono ya wengine.

Ilikuwa Januari ya mwaka themanini na tatu, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa njia ya Kharumwa. Mimi, Mwamvua, nilikuwa karani wa stoo. Stoo yenyewe ilikuwa na vumbi, panya, na kadi nzuri sana za vifaa ambavyo havikuwepo. Mtu akija kuomba boliti nilimwonyesha kadi ya boliti, akaisoma, akaridhika kwamba zamani zilikuwepo, akaondoka. Halafu siku moja likaja lori limebeba msaada kutoka nchi rafiki: makopo sabini na mawili ya vijiti vya kuchomelea, na tanuri dogo la umeme la kuvitunzia.

Sijui kama mtu wa leo anaelewa kopo lilikuwa kitu gani mwaka ule. Sukari haikuwepo, mafuta ya kula hayakuwepo, sabuni ilikuwa hadithi. Lakini kila mama alitaka awe na chombo chenye kifuniko kinachobana, ili siku vitu vikitokea vimkute yuko tayari. Makopo yale yalikuwa ya bati zito, marefu, mengine mekundu, mengine ya buluu, mengine meupe. Lori lilipokuwa likishushwa, wafanyakazi walisimama kuyatazama kwa macho ambayo sikuwahi kuwaona wakiitazamia pamba.

Aliyevitazama vijiti vyenyewe alikuwa mmoja tu, Mzee Bujiku, fundi wetu wa kuchomelea. Kazi hiyo alijifunzia kwenye mgodi wa zamani wa Geita kabla haujafungwa, na ilimwachia kovu jeupe chini ya kidevu na tabia ya kutozungumza mpaka aulizwe. Alichukua kijiti kimoja kutoka kila aina ya kopo, akavilaza mezani kwangu.

"Soma hapa, mwanangu, kwenye ganda, karibu na kichwa kisicho na ganda."

Nilisoma: sitini kumi na moja, sitini kumi na tatu, sabini kumi na nane.

"Tarakimu mbili za mwanzo ni nguvu," alisema. "Mshono wa hiki unahimili ratili elfu sitini kwa inchi moja ya mraba. Wa hiki, elfu sabini. Tarakimu ya tatu ni mkao. Ukiona moja, chomelea utakavyo, hata kazi ikiwa juu ya kichwa chako. Ukiona mbili, kazi iwe imelala chini. Ya mwisho ndiyo inayokuambia ganda limefanywa kwa kitu gani na linataka umeme wa namna gani."

"Kwani ganda si la kuzuia kutu tu?"

Alinitazama kwa huruma. "Ganda ndilo fundi. Chuma peke yake kingetema cheche tu. Ganda likiungua linatoa moshi unaoifukuza hewa, kisha linageuka mavi ya chuma yanayofunika kidonda mpaka kipoe."

Kisha akanijulisha kwa kila kimoja, akivitaja kama watu wa ukoo wake. Wa kopo jekundu, sitini kumi na moja, ganda lake lina unga wa mti; anapenya hata chuma chenye kutu, anapenda unyevunyevu kidogo, ukimkausha umemharibu. Wa kopo la buluu, sitini kumi na tatu, ni mpole, wa mageti na majembe, kila mtu anamweza. Wa kopo jeupe, sabini kumi na nane, ganda lake ni la chokaa, na huyo ndiye wa chuma kinene kinachobeba uzito.

"Huyu hataki unyevu hata wa pumzi yako," alisema. "Akilowa, mshono unatoka mzuri, unang'aa, unatamani uupige picha. Baada ya siku moja au mbili unapasuka wenyewe kwa ndani na hakuna aliyeugusa. Ndiyo maana wakaleta tanuri. Liwake nyuzi mia na ishirini, lisizimwe."

Nilimwambia kumbe vijiti navyo vina tabia zao kama watu. Akasema si kama watu, maana vijiti vimeandikwa tabia zao ubavuni.

Tatizo ni kwamba tanuri lilionwa pia na meneja. Bwana Herman alikuja kwetu kutoka kwenye josho la ng'ombe, ambalo aliliongoza vizuri mpaka dawa ilipokwisha. Alilizunguka tanuri mara mbili, akafungua mlango wake, akafunga, akajaribu kufuli yake, akauliza joto lake. Bujiku akamwambia.

"Mia na ishirini," alirudia meneja. "Mnajua, wageni wakifika kule nyumba ya wageni, chapati zinawafikia zimepoa. Ni aibu kwa kiwanda."

Baada ya siku mbili tanuri lilikuwa limehamia nyumba ya wageni, linawaka mchana kutwa kama ilivyoagizwa, limejaa chapati.

Wiki iliyofuata ndipo kikao kikaitishwa, meneja akiwa mwenyekiti. Katibu wa tawi letu la wafanyakazi, Stanslaus, aliomba nafasi. Stanslaus alikuwa na sauti nzuri. Angeweza kukusomea orodha ya vipuri ukatokwa na machozi.

"Ndugu mwenyekiti," alianza, "nimepita stoo nikaona jambo la kusikitisha. Vijiti vimetengwa. Kuna wanaoitwa sitini, kuna wanaoitwa sabini. Nikauliza, nani kawapa sabini? Nikajibiwa, waliovitengeneza, huko huko kwao. Ndugu mwenyekiti, sisi hapa tunajenga nchi isiyo na madaraja baina ya mtu na mtu. Tutawezaje kuyafuga madaraja ndani ya stoo?"

Akatoa vijiti vitatu kwenye mfuko wa koti, akavigonga kwenye ukingo wa meza mpaka maganda yakamwagika sakafuni, akavinyanyua vikiwa uchi.

"Mwenyekiti aone mwenyewe. Ndani vyote ni chuma."

Tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu kweli vilikuwa vimefanana. Bujiku, aliyealikwa kama mtaalamu asiye na kura, alisimama pole pole.

"Ukimvua nguo daktari, na ukamvua mchunga ng'ombe, utaona watu wawili walio sawa," alisema. "Lakini ukiugua utamwita mmoja."

Meneja alisema mchango wa mtaalamu umepokelewa. Nikaandika: umepokelewa. Miaka yote niliyoandika kumbukumbu sijaona mchango uliopokelewa ukatoka tena.

Hoja ya usawa ilichukua dakika ishirini. Tuliazimia kwamba vijiti vyote ni sawa na vitaitwa vijiti tu. Kwamba vitatunzwa kwa pamoja ndani ya pipa moja. Na kwamba kila idara itapata vitano kwa siku bila upendeleo, ofisi ikiwemo, jiko likiwemo. Jikoni walifurahi kwa sababu vilifaa sana kuchomea mishikaki. Kisha kikaja kipengele cha tatu, makopo yatakayobaki matupu, na hapo tulikaa saa mbili na nusu. Meneja alipata kumi na mawili kwa sababu ya majukumu. Stanslaus alipata manane kwa sababu ya uhamasishaji. Mimi nilipata moja, jeupe, kwa sababu ya kuandika. Mpaka tunafunga kikao, hakuna aliyelitaja tena neno usawa.

Pipa tuliliweka pembeni ya stoo, mahali ambapo bati la paa lilikuwa na tundu. Mvua za masika zilipoanza nililisogeza, maji yakapata tundu jingine. Nikalisogeza tena. Mara ya tatu nilikuwa na mgongo unaniuma na hasira na dunia nzima, nikaliacha.

Mwezi wa sita, pamba ilipoanza kuingia, ufa ulionekana kwenye boriti ya juu ya mashine ya kushindilia marobota. Boriti hiyo ilikuwa nene kuliko kiuno cha mtu mzima. Mashine ikishuka, inaikandamiza pamba mpaka iwe ngumu kama tofali, na wakati huo wanawake sita wanasimama chini yake, mikono ndani, wakipitisha waya na kulifunga robota. Kiongozi wao alikuwa Limi, mke wa Bujiku, tuliyemwita Mama Ngassa. Alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mume wangu akiwa safarini, ni yeye aliyenishika mkono.

Na mgeni rasmi wa kuzindua msimu alikuwa afike Jumamosi.

Siku ya Jumatatu Bujiku alikuja stoo, akazamisha mkono kwenye pipa. Maganda mengine yalimwachia vidoleni kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Alikaa chini saa nzima akivisoma kimoja kimoja mpaka akapata arobaini vya sabini kumi na nane ambavyo havijabanduka.

"Tanuri lina chapati," alisema. "Hivi nitavikausha nyumbani. Niandikie kwamba umenipa."

Nilifungua kadi. Kadi ilisema vijiti, vitano kwa siku kwa idara. Haikuwa na nafasi ya kuandika arobaini, wala ya kuandika aina, kwa sababu aina tulikuwa tumezifuta na mwandiko wa kuzifuta ulikuwa wangu.

"Chukua tu, Mzee," nilimwambia. "Nitaandika baadaye."

Kwa wakulima wa kwetu, mahindi ya mbegu hutundikwa jikoni juu ya mafiga ili moshi uyatunze. Bujiku alivitundika vijiti vyake hapo hapo, kando ya mbegu. Kesho yake, Jumanne, Limi alivipanga kwenye chungu anachokaangia karanga, akafunika, akaweka makaa chini na makaa juu, akavikaanga saa mbili akivigeuza. Watoto wa majirani walikuja na vibakuli, wakaambiwa haviliwi, wakaondoka wamenuna. Mmoja wao bila shaka alisimulia kwao kwamba kwa Mama Ngassa wanakaanga vitu na hawagawi.

Huo ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Mgambo walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kutafuta sabuni iliyozikwa, sukari iliyofichwa na vitenge vilivyoshonewa ndani ya magodoro. Jumanne hiyo hiyo jioni walifika kwa Bujiku, wakafunua chungu, wakakuta mali ya umma, arobaini, bado ya moto. Walimchukua akiwa na sahani ya ugali mkononi, wakamfungia kwenye ghala la mbegu za pamba.

Nilipaswa kwenda kusema kwamba nilimpa mimi. Nilikwenda hadi mlango wa ofisi, nikasikia neno mhujumu likitamkwa ndani, nikarudi nyumbani. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulieleza.

Kidhibiti, yaani vile vijiti vya ushahidi, kilihitaji mahali penye kufuli. Sefu ya ofisi ilikuwa imepotelewa na ufunguo tangu meneja wa kabla ya Herman. Stoo yangu ilifungwa kwa kamba. Kamati yetu ile ile ya Januari ilizunguka kiwanda kizima ikagundua kwamba kitu pekee chenye kufuli inayofanya kazi ni tanuri lililoko nyumba ya wageni. Basi vijiti arobaini vikafungwa humo kwenye rafu ya chini, chapati zikabaki rafu ya juu, na ufunguo akakabidhiwa meneja.

Jumatano akaletwa fundi mwingine kutoka Kagongwa, kijana mcheshi aitwaye Fikirini, anayechomelea baiskeli na majembe ya kukokotwa. Alichota vijiti kwenye pipa kama mtu anayechota maharage, akapanda ngazi akipiga mluzi, na kabla ya saa saba mchana ufa ulikuwa umefunikwa. Mshono wenyewe ulikuwa mzuri ajabu, umelala sawasawa. Wakaupaka rangi ya kijani. Meneja aliupapasa akasema, "Mnaona? Na hajauliza namba hata moja."

Niliichukua habari hiyo pamoja na bakuli la uji, nikampelekea Bujiku kwenye dirisha la ghala.

"Katumia vijiti vya wapi?" aliuliza.

"Vya pipani."

"Chuma kakipasha moto kwanza?"

"Hapana."

Aliuweka uji chini. "Mwambie Mama Ngassa asisimame pale kabla ya Ijumaa. Na Ijumaa, kabla hajasimama, apande apime kwa ukucha."

Sikumuuliza apime nini. Nilikwenda kwa Limi nikamwambia maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anachambua mboga. "Wabeja, mayu," alisema, yaani asante, mama, na akaendelea kuchambua, lakini vidole vyake vilikuwa vinatupa majani mazuri na kubakiza mabua.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya kuijaribu mashine. Meneja alikuwepo na shati jeupe, Stanslaus alikuwepo, na Fikirini alikuwa amebakizwa ili apongezwe. Wanawake sita walipanga mstari. Limi aliomba ngazi.

"Ya nini?" aliuliza meneja.

"Nataka kuisalimia boriti."

Alipanda, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya rangi ya kijani, taratibu, kutoka upande mmoja. Katikati ukucha ulikwama. Alichomoa uzi wa pamba kwenye kanga yake, akauingiza pale ukucha ulipokwama, na uzi ukaingia. Alishuka akarudi kwenye mstari, lakini akasimama upande wa nje.

"Mimi sisimami hapo," alisema.

"Hiyo ni rangi tu imepasuka, Mama Ngassa," alisema meneja.

"Basi simama wewe, baba."

Meneja aliitazama boriti, akakumbuka kwamba anasubiri simu. Stanslaus alisema kazi yake yeye ni kuhamasisha, na mtu hawezi kuhamasisha akiwa chini ya mashine. Wanawake wale watano wengine walikunja mikono mmoja baada ya mwingine. Fikirini alipanda ngazi mwenyewe, akaangalia, akashuka amepauka uso.

"Jana jioni ulikuwa mzima," alisema. "Naapa ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima," nilisema. Nilijisikia nikiongea kabla sijaamua. "Vijiti vilikuwa na maji. Mshono unapasuka baadaye, wenyewe. Mzee Bujiku aliniambia tangu Januari, na mchango wake kikaoni nanyi mkaupokea. Vijiti vikavu vipo, lakini viko kwenye tanuri, chini ya chapati."

Kisha kikao kikaitishwa pale pale, chini ya kibanda cha mizani, kujadili kama mtuhumiwa anaweza kukabidhiwa kidhibiti. Tulijadili saa nzima. Meneja aliona ni hatari. Stanslaus aliona ni hatari zaidi mgeni rasmi akikuta wanawake wamekunja mikono. Azimio tulilopitisha ninalikumbuka neno kwa neno: mtuhumiwa aazimwe vijiti, na avirudishe akishavitumia.

Bujiku alitolewa ghalani na mbegu za pamba kwenye nywele. Hakusalimia mtu. Aliagiza tanuri liletwe hapo hapo kwenye mashine, likaletwa likiwa bado linapumua joto, chapati zikaachwa juu ya meza ya mizani juani. Aliukata mshono wa Fikirini wote kwa tindo na jiwe la kusagia mpaka akaufikia mwisho wa ufa. Fikirini ndiye aliyemshikia taa na nyundo. "Mzee, mimi nimefundishwa baiskeli," alimwambia kwa sauti ya chini, na Bujiku akamjibu kwamba baiskeli nazo zinabeba watu. Waliweka majiko ya mkaa chini ya boriti mpaka mate yakidondokea juu yake yanarukaruka. Ndipo akaanza, kijiti kimoja kimoja kutoka tanurini, akigonga mavi ya chuma na kupiga brashi kila baada ya mstari. Alitumia ishirini na sita. Alipomaliza aliifunika boriti kwa majivu na magunia kama mtu anayemfunika mgonjwa wa homa.

"Isiguswe mpaka Jumapili," alisema.

"Mgeni anakuja kesho," alisema meneja, na nadhani alikaribia kulia.

Mgeni hakuja kesho yake. Gari lake lilikosa petroli, akafika Jumatatu. Kila mtu alikuwa akiulaani uhaba wa petroli mwaka ule, mimi peke yangu nikaushukuru.

Jumatatu Limi alipanda ngazi tena, ukucha ukapita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akawa wa kwanza kuingia chini ya mashine. Ilishuka, ikakandamiza, ikanguruma, mikono yake ikiwa ndani, na mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango kwa nguvu mpaka kucha zikaniuma. Robota lilitoka limefungwa vizuri. Mgeni rasmi alipiga makofi, akahutubia. Alikipongeza kiwanda kwa kutengeneza mashine kwa nguvu zake chenyewe na, kama alivyoarifiwa na uongozi, bila kutegemea madaraja.

Bujiku hakuyasikia hayo. Alikuwa amerudishwa ghalani.

Jumanne ilikuwa siku ya shauri lake. Nilidhani litafutwa kwa aibu, lakini jalada likishafunguliwa linataka chakula. Tena lilikuwa limenenepa: kati ya vijiti arobaini vilibaki kumi na vinne, hivyo mtuhumiwa alikuwa ameficha mali ya umma na juu yake ameharibu kidhibiti. Lori la Alhamisi lingempeleka Mwanza kwenye kesi za wahujumu, na tulijua watu waliopelekwa huko wakiwa na sabuni sita tu hawajarudi bado.

Stanslaus ndiye aliyehoji. "Mtu mwenye nia njema anakaanga mali ya umma ndani ya chungu kwa sababu gani?"

"Ndivyo vinavyotakiwa vifanywe," alisema Bujiku.

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye kopo."

"Kopo lipi?"

Bujiku aliinamisha macho mezani. Sisi sote tuliinamisha macho mezani. Makopo sabini na mawili yalikuwa majumbani mwa watu waliokaa pale, yana unga, yana chumvi, moja la meneja lilikuwa limepandwa waridi. Limi alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, ananitazama. Hakuwa anatazama kamati. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa nimeandika neno kimya kwenye daftari. Nikaweka kalamu, nikaomba ruhusa ya dakika kumi, nikaenda nyumbani. Kopo langu lilikuwa chini ya kitanda. Niliimwaga sukari yote kwenye kanga, nikaifunga fundo, nikarudi nusu nikikimbia, nikaliweka kopo mbele ya meneja.

Karatasi yake ilikuwa bado imegandia ubavuni. Kizungu changu hakikuwa kirefu lakini kilitosha, nikawasomea kwa Kiswahili. Vikilowa vikaushwe kwa joto la nyuzi mia tatu na hamsini, saa moja mpaka mbili. Vikishakauka vitunzwe tanurini. Visichanganywe na vya aina nyingine.

"Kopo hili umelitoa wapi?" aliuliza meneja.

"Azimio la Januari, kipengele cha tatu," nilisema. "Mimi nilipata moja. Wewe ulipata kumi na mawili. Yakihitajika yote Mwanza, orodha ninayo, kwa mwandiko wangu. Na vijiti nilimpa mimi. Aliniomba niandike, nikamwambia baadaye. Sasa ndiyo baadaye, naandika."

Niliketi nikaandika, na hapakuwa na aliyenikataza.

Walimwachia Bujiku kwa kauli moja, kwa dakika nne. Kikao chetu hakijawahi kwenda haraka hivyo tangu kiwanda kijengwe. Jalada lilifungwa, tanuri likaamriwa lirudi stoo mara chapati za siku hiyo zitakapoliwa, na madaraja ya vijiti yakarudishwa kwa majaribio. Limi alisimama, akamshika mume wake mkono wa shati, wakaelekea mlangoni.

Stanslaus alikuwa amelichukua kopo mbele ya meneja. Alilipindua kwenye mwanga, akachungulia ndani, akaingiza kidole mpaka chini kwenye ukingo, akakitoa, akakilamba.

"Ndugu mwenyekiti," alisema kwa ile sauti yake nzuri, "humu mlikuwa na sukari."

Meneja alininyanyulia macho pole pole, na nikaona uso wake ukipona.

Bujiku alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama, akamtazama mkewe, kisha wote wawili wakarudi wakakaa kwenye benchi, safari hii la mbele, upande wangu. Nilifungua ukurasa mpya nikaandika: Kipengele cha pili, sukari ya karani wa stoo.